Ukikuta "C.A." kwenye rejea za zamani

Tafuta mtandaoni kemia ya Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma pale Ndolezi. Utapata yaleyale ya watalii: chuma kama asilimia 90, nikeli zaidi ya 8. Nani alipima, na kwa njia gani? Kimya. Makala ya Grantham na Oates ilitoka 1931 kwenye jarida la Mineralogical Magazine, ila humo jina ni "Mbosi", kwa s. Ukiandika "Mbozi" huenda usiione kabisa.

Hapo ndipo namba za Chemical Abstracts zinapoipiku Google. Chapisho hilo la Marekani lilianza 1907 kukusanya ikisiri za makala za kemia, na kila ikisiri ina anwani. Tahajia ikibadilika, namba inabaki. Tuseme umekuta "C.A. 25". Jumlisha juzuu na 1906, unapata 1931. Hesabu hii inakubali hadi juzuu ya 55, yaani 1961. Kuanzia 1962 zilitoka mbili kwa mwaka. Namba inayofuata juzuu, kwa matoleo ya kabla ya 1967, ni ya ukurasa au safu tu, kwa hiyo ikisiri kadhaa huishi humohumo. Tangu 1967 kila ikisiri ina namba yake, pamoja na herufi ya mwisho ya kunasa makosa ya kunakili. (Ndiyo hiyohiyo watu wanaisahau wakinakili!)

Sasa lawama. Kuna waandishi wanaotaja namba ya C.A. peke yake, bila mwandishi wala jarida. Jamani, ikisiri sio makala. Inaweza kukupa asilimia ya nikeli bila kukuambia sampuli ilikatwa upande gani wa jiwe, wala iliyeyushwa kwa asidi ipi. Tena toleo la karatasi lilisimama mwanzoni mwa 2010, na hifadhidata yake, SciFinder, inalipiwa. Mwanafunzi wa Tunduma mwenye bando la siku atafanya nini na tarakimu tano? Atapata mwaka, basi.

Kwa hiyo kwenye tasnifu yako anza na mwandishi, jarida, juzuu, ukurasa na mwaka. Namba ya C.A. ifuate nyuma. Tahajia ya zamani iache ilivyo. Na ukiwa umebaki na namba tupu, toa mwaka kwanza, kisha pekua faharasa za majarida ya mwaka huo kwa jina la wakati ule: Tanganyika Territory.