Hirizi na Tunguri Si Kitu Kimoja

Katika filamu zetu mchawi anajulikana kabla hajafungua mdomo: kaniki, kitambaa chekundu, tunguri mkononi, hirizi shingoni. Nimezitazama nyingi hapa Pongwe, na kila mara nakwama kwenye hirizi. Waandaaji wameitia kapu moja na vitu vya kulogea.

Hirizi ya pwani kwanza ni maandishi. Mwalimu huandika aya kwenye karatasi, huikunja, ikashonewa kitambaa au ngozi, ikatiwa uzi, ikafungwa shingoni au mkononi. Mara nyingi anayeivaa ni mtoto. Kombe ni nduguye: huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji, likanywewa.

Sasa tazama fundo lenyewe. Sura ya 113, Al-Falaq, yenye aya 5 tu, inaomba kinga na shari ya wanaopuliza mafundoni. Sura hiyohiyo huandikwa ndani ya hirizi, na hirizi hufungwa kwa fundo. Kwa macho, fundo la kuloga na fundo la kukinga ni uzi uleule. Kinachoyatenganisha ni nia ya aliyefunga. Wapo masheikh wanaoikataa hirizi kabisa, wakisema ni shirki. Ubishi huo ungetosha kuwa filamu nzima: mama ameifunga, baba anataka kuikata, mtoto ana homa. Sijaiona filamu hiyo.

Waandishi walitangulia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Waswahili ya mwaka 1903, anaeleza uganga kwa sauti ileile anayoelezea harusi na maziko. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, anamtuma Bwana Msa apekue kilicho nyuma ya hofu ya watu. Mmoja anaeleza, mwingine anapekua. Filamu zetu huichukua hofu jinsi ilivyo na kuiuza.

Mtu atasema ni burudani tu. Lakini Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928, ingali hai, na kumiliki zana za uchawi ni kosa. Nani ataamua kipi ni zana? Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka yote. Ishara ikishageuzwa ushahidi, hakuna anayeuliza tena. Na bibi mwenye hirizi mkononi ana ishara iliyo wazi kuliko macho.

Kiswahili chenyewe kinajua zaidi ya kamera. Tunasema mtu ana fundo moyoni, yaani kinyongo. Wivu wa wake wenza, urithi wa shamba, deni lisilolipwa: huko ndiko visa vya uchawi vinakoanzia, kabla ya uzi wowote kushikwa. Mwongozaji atakayeanzia hapo hatahitaji kitambaa chekundu.