Nafasi ya Kiswahili katika Ujifunzaji wa Kiingereza cha Kiufundi: Uhakiki wa Herbert (1965), Swales (1971) na Ohly (1987)

Ujifunzaji wa Kiingereza cha kiufundi miongoni mwa wanafunzi wa uhandisi wa vyuo vikuu nchini Tanzania hujadiliwa mara nyingi kama suala la upungufu: mwanafunzi hana msamiati, hana sarufi, hana mazoea ya kusoma. Criper na Dodd (1984) walibaini kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo, walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na ufundishaji wake uimarishwe. Mtazamo wa upungufu una ukweli, lakini unaacha swali moja bila kuulizwa: mwanafunzi huyo anaingia darasani akiwa na nini? Sehemu hii inahakiki kazi tatu kwa kuzingatia swali hilo.

Kazi ya kwanza ni The Structure of Technical English ya Herbert (1965), iliyoandikwa kwa ajili ya wahandisi na wanafunzi wa uhandisi wasio Waingereza. Ubora wake mkubwa ni kutambua kwamba kikwazo kikuu si istilahi zenyewe. Jina la kifaa hujifunzwa pamoja na kifaa chenyewe, kisha likaeleweka. Kinachomkwamisha msomaji ni maneno yaliyo katikati, yaani yale ya kawaida yaliyopewa maana finyu. Kwa mfano, katika mazungumzo ya kila siku maneno ‘stress’ na ‘strain’ hukaribiana sana kimaana. Katika umakenika, la kwanza ni kani kwa kila kizio cha eneo, nalo hupimwa kwa paskali. La pili ni uwiano wa badiliko la urefu kwa urefu wa awali, nalo halina kizio. Mwanafunzi anayeyachanganya hakosei tahajia, bali hukosea hesabu ya nguzo.

Hata hivyo, Herbert analiwasilisha tatizo hilo kana kwamba msomaji anakutana nalo kwa mara ya kwanza. Kwa mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, dhana hiyo si sahihi. Katika somo la sayansi alifundishwa kuwa nyenzo ina egemeo, mzigo na jitihada. Nje ya darasa, jitihada ni bidii ambayo mzazi humsifia mtoto. Kwenye nyenzo, jitihada ni kani inayopimwa kwa nyutoni. Vivyo hivyo, mtu anayesukuma ukuta usiosogea hutokwa na jasho, lakini kifizikia hajafanya kazi yoyote. Mwanafunzi huyo, basi, amekwisha kujua kwamba sayansi huazima neno la mtaani na kulibana maana. Anachohitaji ni kuonyeshwa kuwa Kiingereza nacho hufanya hivyohivyo.

Kazi ya pili ni Writing Scientific English ya Swales (1971), iliyotokana na uzoefu wa kufundisha nchini Libya. Kazi hii inastahili sifa kwa kumtaka mwanafunzi aandike, badala ya kusoma tu. Lakini, kama ilivyo kwa Herbert, kitabu kilichokusudiwa kutumiwa na wazungumzaji wa lugha yoyote hakiwezi kutumia lugha mahususi ya mwanafunzi kama chombo cha kufundishia. Hasara yake huonekana katika virai nomino. Kiingereza hutanguliza vivumishi na kuweka neno kuu mwishoni, bila kuonyesha kipi kinafafanua kipi. Kirai ‘tested steel beam’ hakisemi kama kilichopimwa ni chuma au boriti. Kiswahili hakiruhusu utata huo. Mfasiri hulazimika kuchagua kati ya “boriti ya chuma iliyopimwa” na “boriti ya chuma kilichopimwa”, kwa sababu upatanisho wa ngeli unadai jibu. Kwa hiyo, kufasiri kirai kama hicho ni kipimo cha uelewa wa kihandisi: asiyejua kilichopimwa hawezi kukamilisha neno.

Kazi ya tatu, Primary Technical Dictionary English-Swahili ya Ohly (1987), ndiyo pekee kati ya hizi inayokipa Kiswahili nafasi. Iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inathibitisha kuwa ufundi unaweza kutajwa kwa Kiswahili. Kikomo chake ni kile cha kamusi ya istilahi yoyote: huishia kwenye neno, ilhali wajibu wa mhandisi umo katika sentensi. Katika viwango vya kimataifa vya ISO, ‘shall’ huonyesha takwa, ‘should’ pendekezo na ‘may’ ruhusa. Tofauti kati ya “sharti bolti zikazwe upya” na “inapendekezwa bolti zikazwe upya” haionekani kwa kutafuta neno “bolti” kamusini, ingawa usalama wa daraja unaweza kutegemea tofauti hiyo.

Inaweza kudaiwa kwamba kutumia Kiswahili kunampunguzia mwanafunzi muda wa kukizoea Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mitihani na ya viwango. Hoja hii ina uzito, hasa pale ambapo darasa lina wanafunzi wasiozungumza Kiswahili. Lakini inachanganya kuzoea na kuelewa. Mwanafunzi anaweza kuinukuu sentensi ya kitabu neno kwa neno katika mtihani, akapata alama, na bado asijue kilichopimwa ni boriti au chuma.

Kwa kuhitimisha, kazi hizi tatu zinakamilishana, lakini hakuna inayoziunganisha lugha mbili katika ngazi ya sentensi. Herbert ameonyesha neno linalotatiza, Swales amemtaka mwanafunzi aandike, na Ohly ametoa visawe. Kinachokosekana ni zoezi la kupeleka sentensi ya kiufundi katika Kiswahili, kuikagua maana yake, kisha kuirudisha katika Kiingereza. Zoezi hilo halihitaji kusubiri mabadiliko ya sera ya lugha ya kufundishia. Linahitaji mwalimu anayekubali kwamba mwanafunzi wake alianza kujifunza umakenika siku alipoambiwa kuwa jitihada inaweza kupimwa.