Mgongo Juu ya Kokoto

Land Cruiser za zamani za watalii hurudi Arusha kutoka Serengeti zikitetemeka na kuvuja. Fundi hakimbilii spana. Huuliza kwanza: gari linatetemeka kwa mwendo gani, ukikanyaga mafuta au ukiachia? Kisha hulala chini na kuitikisa propela. Krosi yake iliyolegea huigundua kwa kiganja. Tone lililodondoka hulisugua vidoleni na kulinusa. Oili ya difu hunuka kiberiti. Ya breki ni nyepesi, na hubabua rangi. Sili ya ekseli ya mbele ikichoka, oili hupenya kwenye grisi na kuifanya uji, na hapo hakuna njia ya mkato: gurudumu lifunguliwe lote, kila beringi ioshwe. Gari likishapona, kesho yake wageni watateremka nalo kwenye kreta ya Ngorongoro wakitazama faru.