Nyuzi Tatu za Mpiga Ridhimu

Watu wakitoka kwenye dansi humtaja mwimbaji, kisha mpiga solo. Pongezi zangu leo nazipeleka kwa aliyesimama nyuma yao usiku kucha: mpiga ridhimu.

Katika bendi kama Mlimani Park, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978, magitaa hugawana kazi: solo, solo ya pili, ridhimu na besi. Wapigaji wote wakizivamia nyuzi nene, wimbo unakuwa tope. Ndiyo maana mpiga ridhimu mzuri huiachia besi sauti za chini, naye hushika kodi ndogo ya sauti tatu kwenye nyuzi tatu nyembamba.

Itazame kodi ya C, yaani C, E na G: uzi wa tatu na wa pili kwenye freti ya 5, wa kwanza kwenye freti ya 3. Akihitaji F, sauti ya C inabaki palepale. E inapanda freti moja, G mbili. Basi. Mkono haujasafiri, wala pengo halijasikika. Akitaka mng'ao zaidi, C ileile anaikuta tena juu, kwenye freti ya 8 na 9, sauti zake zikiwa zimepangwa upya.

Ninachokihusudu zaidi ni ukataji wake. Wimbo unapoingia kwenye chemko, ile sehemu yake ya kasi, vidole vya kushoto hulegea kidogo ili sauti ikatike, na katika kukatika huko ndimo wachezaji hupata mahali pa kutia mguu. Anaurudia mzunguko uleule dakika nyingi, hakimbii, hachoki, huku solo ikirandaranda ipendavyo.