Voi Isiyotajwa: Kaida za Filamu ya Mahaba katika Out of Africa

Filamu ya mahaba, kama ulivyo utanzu mwingine wowote wa sanaa, huongozwa na kaida. Wapendanao hukutana kwa sadfa, hutenganishwa na kikwazo kisichoondoka, na mara nyingi mmoja wao hufa kabla penzi halijapata kuzeeka. Kaida hizo si kasoro. Ndizo zinazomwandaa mtazamaji kwa kicheko na kilio. Hata hivyo, kila kaida huchagua la kuonyesha na la kuficha. Makala haya yanauchunguza uchaguzi huo katika Out of Africa (1985), filamu ya Sydney Pollack iliyotunukiwa tuzo saba za Oscar, kwa kuitazama kutoka pale kisa chake halisi kilipoishia: Voi, katika Taita Taveta.

Mnamo tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, aliruka kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth kutoka kiwanja cha Voi, alikokuwa amekwenda kutafuta tembo kutoka angani. Punde si punde ndege ilianguka na kuteketea. Waliokufa walikuwa wawili: Finch Hatton na mtumishi wake Mkikuyu. Karen Blixen, katika kitabu chake cha mwaka 1937 ambacho filamu imekiegemea, anaitaja Voi kwa jina. Katika filamu, Bror, aliyekuwa mumewe, anapomletea Karen habari za msiba, mahali panapotajwa ni Tsavo, na marehemu anayetajwa ni Denys peke yake.

Badiliko la jina si dogo. Mwaka 1931 Tsavo ilikuwa mto na stesheni ya reli, iliyovuma kwa sababu ya simba waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Mbuga ya taifa yenye jina hilo ilianzishwa mwaka 1948. Kwa hiyo mtazamaji wa 1985 alisikia katika neno Tsavo maana ambayo wahusika wenyewe wasingeweza kuisikia: nyika ya wanyama isiyo na watu. Voi, kwa upande wake, ni mji. Una stesheni, na ndipo ilipochipuka reli ya kwenda Taveta iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kaida ya mahaba haimruhusu shujaa wake afe kando ya mji wa watu wenye shughuli zao. Sharti amezwe na nyika aliyoipenda, ili kifo chake kionekane kuwa ni ukamilifu wa maisha yake wala si ajali.

Kufutwa kwa marehemu wa pili kunatokana na kaida nyingine: penzi ni la wawili, na wa tatu huwa shahidi tu. Ndiyo nafasi aliyopewa Kanuthia, mhusika aliyeigizwa na Job Seda, ambaye baadaye alijulikana kama mwanamuziki Ayub Ogada. Kanuthia huandamana na Denys takriban bila maneno, na ukimya wake hutumika kuupamba utulivu wa Denys. Mtumishi aliyeteketea Voi angeivuruga hesabu hii. Mtazamaji angalazimika kuuliza huyu naye alililiwa na nani.

Yaweza kusemwa kwamba filamu si historia, na hoja hiyo ina uzito. Tukio la Karen kupokea habari lina nguvu kwa kuwa kamera haionyeshi mabaki ya ndege. Huzuni yote imeachiwa uso wa Meryl Streep. Lakini mahaba hayapungui kwa kubeba mzigo wa jamii. Katika riwaya ya Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, penzi la Idi na Bahati limefungamana na fedha za Mwinyi kiasi kwamba haliwezi kusimuliwa bila ya fedha hizo, na hilo ndilo linalolipa uchungu wake.

Suala hili si la fani pekee. Takriban asilimia 62 ya eneo la Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, na mkulima anayekesha akilinda mahindi yake dhidi ya tembo anaijua gharama ya ardhi kuonwa kuwa ni ya wanyama kwanza. Filamu haikuichora mipaka hiyo, iliyoitangulia kwa karibu miaka 40. Inachofanya ni kulizoeza jicho kuiona kuwa ya kimaumbile. Uhakiki wa filamu hii unaofundishwa Afrika Mashariki haupaswi kuwakataza wanafunzi kuilia. Unapaswa kuwakumbusha kwamba asubuhi ile, huko Voi, walikufa watu wawili.