Chanzo chako kiko wapi, Profesa?

Kwa miaka mingi nimekikosoa Kiswahili cha mitandaoni nikiwa kando, kama mtazamaji wa bao anayejua kete za wachezaji wote ila hajawahi kuketi mchezoni. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinichoka. "Prof, wewe hulalamika tu," akaniambia tukinywa chai. "Wikipedia ya Kiswahili huhaririwa na yeyote anayetaka. Si uingie urekebishe?"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo nikajisajili, nikabuni jina la mtumiaji na nywila, nikawa mhariri mgeni katika umri ambao wenzangu wengi wanahesabu siku za kustaafu.

Wasomaji wasioifahamu waelewe kwamba Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 kwa Kiingereza. Ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Leo ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, na ile ya Kiingereza imepita milioni 6. Wanaoiandika ni watu wa kujitolea. Hakuna anayelipwa kwa neno wala kwa ukurasa. Yenyewe hujiita "kamusi elezo huru". Jina hilo lilinikera kidogo, kwa kuwa kamusi hueleza maneno ilhali kazi hii hueleza mambo, watu na mahali. Kisha nikakumbuka kwamba "kamusi" tumelitoa katika Kiarabu, na huko asili yake ni bahari kuu. Basi nikaliacha. Bahari ya maelezo si jina baya.

Kosa la kwanza nililolirekebisha lilikuwa katika makala iliyohusu ushairi wa Mombasa wa karne ya 19. Mwandishi alikuwa akisimulia mapigano ya Shela, ambamo watu wa Lamu waliwashinda wapiganaji wa Pate na Wamazrui wa Mombasa. Aliandika kwamba mapigano hayo "yalichukua nafasi" katika ufuo wa Shela. Nafasi ya nani? Katika Kiswahili, anayechukua nafasi hushika mahali pa mwingine: naibu huchukua nafasi ya mwalimu mkuu, mchezaji wa akiba huchukua nafasi ya aliyeumia. Mapigano hutokea au hupiganwa. Nikafuta, nikaandika "yalitokea", nikabofya kitufe cha kuhifadhi. Papo hapo sentensi ikabadilika mbele ya macho yangu na ya dunia nzima. Sitaficha kwamba nilifurahi kama mtoto.

Kwa wiki moja nikawa sishikiki. Nilikutana na mwanasiasa wa Marekani "aliyekimbilia ofisi", nami nikajiuliza alikuwa akifukuzwa na nani, mpaka nikang'amua kwamba Wamarekani husema mgombea hukimbia kutafuta cheo. Nilikutana na mtu "aliyezaliwa kwa baba mkulima", kana kwamba mama hakuwepo siku hiyo. Sentensi za namna hii hazitungwi na mtu anayewaza kwa Kiswahili. Ama zimetafsiriwa na mashine, ama zimetafsiriwa na mtu anayefanya kazi kama mashine: anachukua makala ya Kiingereza, anabadilisha neno moja baada ya jingine, anahifadhi, anakwenda kwa makala nyingine.

Kichocheo kimoja cha uharaka huu ni mashindano ya kuongeza makala. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuandikia Wikipedia ya Kiswahili, likawashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka kwa mamia, lakini wengi wa waandishi wale hawakuonekana tena baada ya zawadi kutolewa. Ndiyo maana mpaka leo unafungua makala unakuta sentensi mbili na kijitangazo kwamba makala hiyo bado ni "mbegu". Neno lenyewe ni zuri mno. Tatizo ni kwamba wapanzi ni wengi na wapaliliaji wachache.

Kuna atakayeniambia kwamba sarufi ni mambo madogo, bora ujumbe umefika. Mtu huyo naomba aangalie yaliyoipata lugha ya Kiskoti. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya lugha hiyo zilikuwa zimeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua. Alianza akiwa mtoto wa miaka 12. Hakuwa na nia mbaya, alidhani anasaidia. Alichukua Kiingereza akakipindapinda tahajia, akapachika maneno ya kamusi hapa na pale, na kwa miaka kadhaa wenye lugha hawakutokea kumzuia. Wasomaji wakadhani hicho ndicho Kiskoti.

Siku hizi hatari imezidi, kwa sababu mifumo ya akili unde (akili mnemba, kwa wenzetu wa Tanzania) hufundishwa lugha kwa maandishi yaliyomo mtandaoni, na Wikipedia ni mojawapo ya vyakula vyake vikuu. Mapigano "yanayochukua nafasi" leo katika makala moja yatakuwa kesho katika insha ya mwanafunzi wa Kakamega aliyesaidiwa na mashine, nami nitasahihisha insha hiyo nisijue kwamba kosa lilianzia kwetu sisi watazamaji wa bao.

Hadi hapo nilikuwa shujaa wa kisa hiki. Mambo yaligeuka nilipoacha kusahihisha sarufi nikaanza kuandika maarifa.

Katika makala ile ya ushairi wa Mombasa niliongeza aya mbili. Nilieleza namna washairi walivyokuwa wakijibizana: nani alitumwa kupeleka shairi, lilisomwa barazani mbele ya nani, aliyejibiwa alipewa muda gani kabla ya kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Haya niliyasikia kwa mzee mmoja wa Kibokoni, Mombasa, mwaka 1986, nilipokuwa nikikusanya data ya uzamili, na nimeyafundisha tangu nilipoanza kusimama mbele ya darasa. Niliandika kwa Kiswahili ambacho, nikijisifu kidogo, hakikuwa na doa.

Asubuhi yake aya zangu hazikuwepo. Katika ukurasa wa majadiliano palikuwa na ujumbe wa adabu: "Ndugu, karibu sana. Maelezo yako ni mazuri, lakini chanzo chako kiko wapi?"

Nilighadhibika. Nilimjibu kwa kirefu, nikataja shahada zangu na miaka yangu 31 ya kufundisha somo hilo. Jibu lilikuja baada ya saa chache: "Shikamoo Profesa. Hapa hatuangalii nani amesema, tunaangalia limeandikwa wapi."

Sijui aliyenijibu ni nani. Huenda ni msichana wa kidato cha nne, huenda ni mzee kunishinda. Nilitembea na sentensi yake siku nzima, kwa kuwa ndiyo ile ile ambayo mimi nimeiandika kwa wino mwekundu pembeni mwa tasnifu za watu zisizo na idadi. Msomi hawezi kudai chanzo kwa wanafunzi wake kisha yeye aaminiwe kwa kilemba.

Wapo wenzangu wanaosema kanuni hii inazionea lugha zetu. Wanadai kwamba kwetu maarifa yamo vinywani, na kudai kitabu ni kudai ugeni. Hoja hii ina uzito, na zamani ningeiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini ondoa kanuni hiyo leo, kesho kila ukoo utakuwa na Fumo Liyongo wake, aliyezaliwa kijijini kwao. Tena historia ya ushairi wenyewe inaijibu hoja hiyo. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vichwani mwa watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya kwa wazee na kumwandikia mmishonari W. E. Taylor. Kitabu chenyewe, kikihaririwa na William Hichens, kilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Ni miaka 100 kutoka kinywani hadi kitabuni. Jalada linamtaja mshairi na mhariri. Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye tusingekuwa na kitu, wanamjua wachache. Hata hivyo yeye alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Aliandika.

Na sisi tuliosoma baada yao je? Kazi ninayoiheshimu kuliko zote kuhusu Muyaka ni ya Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, iliyotoka Nairobi mwaka 1979. Maelezo yake ni ya Kiingereza. Tasnifu yangu mwenyewe ni ya Kiingereza, imepigwa chapa kwa mashine ya kale, imelala rafuni katika maktaba ambako mtu lazima aombe ruhusa kuiona. Maneno ya mzee wa Kibokoni yamo ndani yake kwa ufupisho wa kurasa tatu, kwa lugha ambayo mzee hakuizungumza. Tukiulizwa kwa nini kijana anayeandika makala ya Kiswahili hutafsiri kutoka Kiingereza, jibu ni kwamba huko ndiko tulikoweka maarifa. Tumemnyima kisima, kisha tunamcheka kwa kuteka maji ya bomba la jirani.

Wazee waliotufunza hawakuwa wazembe hivyo. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa na kiti cha chuo kikuu, lakini alichapisha, na alituachia maneno kama "runinga" ambayo Wakenya hulitumia bila kujua lilikotoka. Mzee wangu wa Kibokoni hakuchapisha kwa sababu aliamini kwamba mimi ndiye nitakayechapisha. Aliniambia hivyo. Alifariki mwaka 1993.

Sikuzirudisha aya zangu. Nilimwandikia mhariri yule nikamwomba radhi kwa ukali wangu, nikamwahidi kwamba chanzo kitakuja, na kwamba kitakuwa cha Kiswahili. Kisha nikapanda juu ya kabati kutafuta kaseti za mwaka 1986. Nilizipata nne, mbili zimeota ukungu. Mwanafunzi wangu, yule aliyeniambia hulalamika tu, ameazima redio ya kaseti kwa shangazi yake Buruburu. Jumamosi iliyopita tuliketi tukasikiliza. Upande wa kwanza unasikika: mzee anakohoa, jogoo anawika uani, kisha anaanza kueleza habari ya mashairi yaliyokuwa yakipelekwa Lamu. Upande wa pili utepe umekatika katikati ya jina la mtu. Tumefika dakika ya 17 ya kunukuu.