Mafuta Yapi? Uhakiki wa Istilahi za Injini Ndogo ya Petroli

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa ikipimwa aghalabu kwa wingi wa maneno yaliyosanifiwa. Kipimo hicho kina faida yake, lakini hakitoshi. Istilahi hutungwa ofisini na kutumika kwingineko, na hapana budi mara kwa mara tuifuate huko iendako ili tuone kama inafanya kazi iliyotumwa kuifanya. Katika makala haya tunahakiki kijitabu kimoja kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, kinachoeleza vipimo na hitilafu za kawaida za injini ndogo ya petroli. Hatutaji kilikotoka, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno wala si watu.

Tulikisoma kijitabu hicho Igawa, wilayani Mbarali, mahali ambapo barabara kuu iendayo Zambia huvuka mto Mbarali baada ya kuteremka kutoka Makambako. Malori ya mizigo yapitayo hapo hutumia dizeli, lakini katikati yake yamo magari madogo mengi ya petroli, nayo yakiharibika hutegemea mafundi wa kando ya barabara. Injini inayoelezwa kijitabuni ni 1NZ-FE ya Toyota, ambayo madereva wengi wanaifahamu kwa kuwa ni mojawapo ya injini mbili zilizowekwa katika gari aina ya IST lililotolewa mwaka 2002. Tuliwaomba mafundi wasikilize sentensi moja baada ya nyingine, kisha watuonyeshe kwa mikono yao kile ambacho kila sentensi inawaagiza.

Sentensi ya kwanza ilisema: "Kila asubuhi hakikisha mafuta yamefika alama ya juu." Fundi mkuu, mzee ambaye vijana wake wote walimwita Baba, alituangalia kwa upole akauliza, "Mwalimu, mafuta yapi?"

Swali hilo ndilo uhakiki wote wa kijitabu. Gari lile lina vimiminiko vinne ambavyo mtafsiri ameviita mafuta: petroli inayoungua ndani ya silinda, oili ya injini inayolainisha vyuma visisagane, oili ya giaboksi, na mafuta ya breki. Kila kimoja kina tundu lake na kazi yake. Dereva mgeni akielekezwa "aongeze mafuta", naye akamimina petroli katika tundu la oili, petroli itaizimua oili, utando unaotenganisha chuma na chuma utakatika, beringi zitasagika na injini itakufa. Kosa litahesabiwa kuwa la dereva, ilhali lilianzia katika tafsiri.

Hatusemi kwamba neno mafuta lifukuzwe. "Mafuta ya breki" yamezoeleka na hayamdanganyi mtu. Tunasema kwamba katika maandishi ya ufundi neno hilo lisisimame peke yake. Daima litajwe pamoja na kazi yake. Kwa kimiminiko cha injini, mafundi wana neno oili, nalo limekwisha kuwa la Kiswahili kwa matamshi na kwa matumizi. Wapo wenzetu watakaopendelea vilainishi, na neno hilo ni zuri, lakini ni jina la jamii nzima, grisi ikiwemo. Afisa anayeandika kanuni za biashara ya bidhaa hizo aandike vilainishi. Anayemwelekeza dereva aandike oili ya injini. Jina la jamii lisichukue nafasi ya jina la kitu kimoja.

Utata huohuo umeingia hata katika sura ya hitilafu. Kijitabu kinasema: "Matumizi makubwa ya mafuta husababishwa na kuchakaa kwa ringi za pistoni." Mafundi waliposikia "matumizi makubwa ya mafuta" walianza kuzungumzia plagi na kichujio cha hewa, kwa sababu kwao maneno hayo yana maana ya gari linalomaliza petroli upesi. Hitilafu iliyokusudiwa ni nyingine kabisa: oili hupenya kando ya ringi zilizochakaa au kuganda kwa masizi, ikaungua pamoja na petroli, moshi wa rangi ya buluu ukatoka nyuma. Kwa hitilafu hiyo fundi husema injini inakula oili. Usemi huu umeeleza jambo barabara, tena unaitenga hitilafu hii na ile ya oili kuvuja, ambayo huacha alama chini. Mtafsiri ameuogopa kwa kuwa ni wa gereji. Sisi hatuoni sababu ya hofu hiyo.

Tukija kwenye vipimo, makosa ni ya aina nyingine, lakini hatari yake si ndogo. Kijitabu kinaandika: "Ujazo wa injini: lita 1.5." Kijana mmoja alieleza mara moja kwamba hicho ndicho kiasi cha oili cha kutia. Tusimcheke; ujazo wa ndoo ni kiasi cha maji kinachoijaza ndoo, kwa nini ujazo wa injini usiwe kiasi cha oili kinachoijaza injini? Ukweli ni kwamba injini hii huhitaji takriban lita 3.7 za oili inapobadilishwa pamoja na kichujio. Atakayetia lita moja na nusu ataiua. Kipimo kilichokusudiwa ni nafasi inayofagiliwa na pistoni nne zikipanda na kushuka, yaani sentimita za ujazo 1,497. Tunapendekeza kiitwe ujazo wa silinda, na kiandikwe kwa sentimita za ujazo kama madereva walivyozoea kukitaja, ili kisichanganywe na lita za oili.

Ujazo huo hupatikana kutokana na vipimo viwili. Cha kwanza, kipenyo cha silinda, milimita 75, kimetafsiriwa vizuri. Cha pili kimeandikwa "kiharusi cha pistoni, milimita 84.7". Kiharusi ni maradhi ya binadamu. Mtafsiri amelikuta neno la Kiingereza lenye maana nyingi akachukua maana ya hospitali akaipeleka gereji. Mwendo wa pistoni ungetosha, nao ungemwezesha msomaji kuelewa kwa nini injini ndugu, 2NZ-FE, yenye kipenyo kilekile, ina ujazo wa sentimita 1,298 tu: mwendo wa pistoni zake ni milimita 73.5.

Chini yake kuna mistari miwili inayofuatana: "Nguvu: 109 kwa mizunguko 6,000" na "Nguvu: 141 kwa mizunguko 4,200." Mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake alidhani mmoja wapo umekosewa na mpiga chapa. La hasha, ni vitu viwili. Wa kwanza ni nguvu hasa, yaani wepesi wa injini katika kufanya kazi, uliopimwa kwa nguvu-farasi. Wa pili ni uwezo wa kusokota shafti, uliopimwa kwa nyutoni-mita. Huu wa pili ndio dereva anaoutafuta anapopunguza gia akipandisha kutoka Igawa kwenda Makambako. Kwa kuwa fizikia ya Kiswahili imekwisha kutenga kani na nguvu, tunapendekeza kani ya kuzungusha. Na hata kama neno bora zaidi litapatikana, kila kipimo kiandikwe pamoja na kizio chake. Namba isiyo na kizio haina maana.

Kosa la mwisho tutakalolitaja linagusa ngozi ya mtu. Kijitabu kimetumia neno kipoza kwa rejeta na kwa kimiminiko kilichomo. Katika ukurasa mmoja kinasema "injini ikizidi joto, ongeza kipoza," na katika mwingine "usifungue kipoza." Maji yaliyomo katika rejeta iliyofungwa yana mgandamizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka, mfuniko ukifunguliwa yanalipuka kuwa mvuke. Tena maji ya baridi yakimiminwa ghafla katika injini iliyokauka, silinda hedi huweza kupinda au kupasuka. Maagizo yalipasa kuwa: gari likichemsha, zima injini, subiri ipoe, ndipo ufungue mfuniko wa rejeta na kuongeza maji au kulanti taratibu. Hapana neno hata moja hapo asilolijua dereva.

Isidhaniwe kwamba tunataka kila neno la gereji lipitishwe bila kuhojiwa. Mafundi wenyewe husema injini imenoki wakimaanisha pengine sauti ya kugonga, pengine injini iliyokwama isizunguke tena. Hizo ni hali mbili, na ya kwanza ni onyo kabla ya ya pili. Hapo ndipo afisa istilahi ana la kuchangia: injini inagonga kwa sauti, injini imekwama kwa kifo chake. Hali kadhalika istilahi kama fitokombo, iliyotungwa kwa krenkishafti, si mbovu; inaonyesha umbo la kitu kwa maneno yetu, na darasani inaweza kusaidia. Lakini katika maagizo ya ukarabati ni lazima iandamane na krenkishafti mpaka fundi aizoee, kwani vipuri haviwezi kungoja tuelewane.

Kwa hiyo tunawashauri watafsiri mambo matatu. Kwanza, neno moja lisibebe vitu viwili katika andiko moja la ufundi. Pili, kabla ya kutunga neno, aulizwe anayekishika kitu hicho kila siku. Tatu, tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya mtumiaji kabla haijapigwa chapa, naye aonyeshe kwa vitendo alivyoielewa. Kazi yetu Igawa ilichukua asubuhi moja tu, na haikuhitaji chombo chochote isipokuwa kijitabu na mafundi wavumilivu.

Tunawaomba walimu na watumishi walioko wilayani watuletee maneno ya gereji za kwao, kila neno pamoja na kitu linachokitaja na mahali linapotumika. Mzee wa Igawa alipoturudishia kijitabu alikuwa ameandika kwa penseli, pembeni mwa kila sentensi yenye neno mafuta, jina la kimiminiko alichoona kinafaa. Sentensi zilikuwa kumi na moja. Katika mbili aliweka alama ya kuuliza tu, na sisi pia, hata baada ya kuzisoma tena ofisini, hatukuweza kumjibu.